Leso Iliyokatwa Kombo

Mara ya kwanza nilipompelekea Shosho mtoto wangu, alimkataa kwa sababu mimi sikuonekana kuogopa.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imebakisha siku tisa, na mimi si mtu wa kushtukizwa na tarehe. Nilivaa suti ya kijivu niliyorudi nayo kutoka nchi za Ghuba, nikambeba Imani kifuani, nikaingia uani kwa bibi huyo mlezi, kule mtaa wa Satellite, Nairobi, na karatasi yenye maswali kumi na manne. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mmoja pajani, mwingine amemng'ang'ania sketi. Nikajitambulisha kama ninavyojitambulisha kwa watu wote. Nilifanya kazi za nyumbani miaka minne ugenini, nikarudi na akiba yangu mwenyewe, nikajisomesha masomo ya jioni mpaka nikapata diploma ya ununuzi na ugavi bila kumsumbua mjomba wala mbunge, na sasa nilikuwa nasimamia hati zote za mizigo katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, katikati ya jiji, orofa ya saba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na unaogopa nini?"

"Mimi? Siogopi kitu, Shosho. Nimepitia mengi."

"Basi enda na mtoto wako. Ukianza kuogopa, ukuje."

Nilisimama pale nikidhani anatania. Alikuwa ameshageuka kumfuta mtoto mwingine kamasi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeogopa tangu Imani alipotimiza mwezi mmoja. Kiti changu cha ofisini kilikaliwa na mwanamke wa mkataba wa muda, mwenye digrii, na nilijua kuwa kila siku ninayokaa nyumbani kiti kile kinazidi kuuzoea mgongo wake. Lakini hiyo ilikuwa hofu ndogo. Kubwa ilitoka mbali zaidi. Katika nyumba ya pili niliyofanyia kazi kule Ghuba nilikuwa nikimlea mtoto wa miezi saba. Siku moja alilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mimi nilikuwa sijalala vizuri kwa siku kadhaa. Nikamlaza kitandani mwake, nikafunga mlango, nikaenda bafuni nikafungulia mabomba yote ili nisimsikie. Sikumgusa. Lakini nilikaa humo muda ambao mpaka leo siwezi kuukadiria, na nilipofunga maji nyumba nzima ilikuwa kimya. Sijawahi kutembea hatua ndefu kama zile za kutoka bafuni mpaka kwenye kile kitanda. Alikuwa amelala tu. Jioni mama yake alirudi akanishukuru.

Kwa hivyo mimi nilijua jinsi mwanamke aliyechoka anavyoweza kuwa peke yake na mtoto wa mwenzake. Nilijua kwa sababu mwanamke huyo niliwahi kuwa mimi.

Siku ya tatu nilirudi Satellite bila suti na bila karatasi, nikamweleza Shosho habari ya mabomba. Mume wangu, ambaye miezi mingi huwa Eldoret kwenye ujenzi wa barabara, sikuwa nimewahi kumweleza. Shosho hakushtuka wala hakunipa pole.

"Alikuwa msichana ama kijana?"

"Kijana."

"Vijana hulia vibaya," akasema. "Sasa tunaweza kuongea. Enda ununue leso. Ununue zote mbili zikiwa zimeshikana. Usikubali wakukatie huko kwa duka."

Hapo ndipo nilipokutana na ile desturi yake, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka mingi kabla ya kuanza kulea watoto, na mkasi wake ulikuwa bado ule mzito wa fundi. Aliitandaza doti yangu mezani, akaipapasa mpaka akaupata ule mstari mweupe unaotenganisha leso na leso. Badala ya kuufuata, aliupeleka mkasi kombo. Ukaingia ndani kidogo, ukapanda, ukashuka kama njia ya panya nyasini, ukatokea upande wa pili. Moyo uliniuma, maana nilikuwa nimechagua leso nzuri, ya zambarau na manjano.

"Hii ni ya mtoto, inakaa kwangu. Hii ni yako, unatembea nayo. Mwenye atakuja kumchukua, hata kama ni nani, akuje na hii. Naweka mkato kwa mkato. Ikikataana, sitoi mtoto."

"Hata nikija mimi mwenyewe?"

"Wewe ni nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya kibanda cha fundi viatu, na haikuwa na kibao. Alisema anayemhitaji atauliza. Watoto hawakuzidi tisa, wala hakumkubali wa kumi hata mama yake alie. Ukutani kulikuwa na misumari tisa na leso tisa, kila moja na mkato wake, na ukizitazama kwa mbali ungedhani panya wamezila. Wanawake wa mtaani walisema kizee kile kimerukwa na akili. Mtaa uleule ulikuwa na nyumba nyingine za kulelea watoto, zenye michoro ya katuni ukutani na geti lililo wazi kutwa nzima.

Hakuwahi kutuita kwa majina yetu. Mimi nilikuwa Mama Imani hata nilipomwonyesha kitambulisho changu cha kazi. Watoto, kinyume chake, aliwapa vyeo. Kulikuwa na Chairman, mvulana mnene asiyeweza kuketi bado. Kulikuwa na Daktari, aliyeweka kila kitu mdomoni kukipima. Imani wangu aliitwa Madam. "Madam leo ameamka na siasa," alikuwa akinipokea mlangoni, au, "Madam amekataa maziwa mpaka aombwe." Aliongea nao kama watu wazima wenye makosa. Sikumsikia akiongea kitoto, na sikumwona akimbusu yeyote. Ukimwambia mtoto fulani ni mrembo, alikukatiza: "Mtoto hasifiwi. Analishwa."

Kuna jambo moja ambalo lilitutesa sote asubuhi. Hakuruhusu mama atoroke. Sote tulitaka kutoroka, tumkabidhi mtoto akiwa anatazama kuku, tuteleze. Mimi nilijaribu Jumatatu ya kwanza. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya duka la makaa niliposikia sauti yake, bila haraka, kama mtu anayeagiza sukari.

"Mama Imani. Rudi uage mtoto."

Nikarudi. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji walinitazama. Nikamwambia Imani naenda kazini na nitarudi jioni, na Imani, mwenye miezi mitatu, akanitazama, akapasua kilio kilichonifuata mpaka barabarani.

"Si afadhali ningeenda tu," nilimwambia jioni. "Amelia kwa sababu nimemuaga."

"Kulia ni haki yake. Ukimtoroka leo, kesho utaenda choo na yeye atafikiria umehama."

Wiki ile ya kwanza Imani alikataa chupa. Nilikuwa nikikamua maziwa ofisini, katika chumba cha karatasi na wino, nikiegemea mlango kwa mgongo kwa sababu haukuwa na kufuli, na kila tone nililiona kama ushindi wa taifa. Nikamkuta jioni hajamaliza hata nusu. Shosho akaitungua leso ya mtoto kutoka msumarini, akainusa, akauliza kama nimeifua. Nilikuwa nimeibeba nyumbani jana yake nikaifua, na kwa sabuni ya maua, kwa sababu mimi napenda vitu safi.

"Umemfua mama yake akaisha," akasema. "Leo lala na hii. Kesho ulete ikiwa chafu."

Nikafanya hivyo, na Imani akanywa. Ilinichoma kidogo kwamba katika maswali yangu kumi na manne hilo halikuwemo.

Lakini asiwafikie kama mtu asiye na doa. Aliyetunawisha mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni ya mche kabla ya kugusa mtoto alikuwa mraibu wa ugoro. Kila alasiri alijificha nyuma ya tangi la maji, akavuta, akapiga chafya tano zilizowafanya watoto wacheke ndani. Akirudi alinawa upya, uso umekauka kama hakimu. Jumapili hakukosa kanisa, lakini sikuwahi kumsikia akiwaombea watoto, na Mama Chairman alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Mungu nampatia Jumapili. Siku za kazi ameniachia." Alinidharau kwa kujisifu, akaniita Mama Diploma mbele ya wenzangu mpaka nikaona haya, kisha siku moja nikamsikia akimwambia mgeni getini, kwa majivuno kuliko yangu, "Hapa kwangu kuna mtoto wa mama wa orofa ya saba."

Ilikuja gari kubwa kutoka Loresho, kwa matajiri, wakati mmoja. Dereva akashuka na mtoto kwenye kikapu cha kubebea, akasema bosi amesikia sifa. Shosho akamtazama.

"Mama yake ako wapi?"

"Ako mkutano, Shosho."

"Mwambie mkutano ukiisha akuje mwenyewe. Wewe huogopi."

Dereva akaniangalia mimi kana kwamba nitamtafsiria. Nilikuwa nimewahi kusimama hapo alipo.

Kitu kilichonitisha zaidi kwake kilikuwa simu. Aliiweka juu ya kabati, ndani ya mkebe wa majani chai, na hakuishika watoto wakiwa macho. "Nikishika simu nimeachilia mtoto," ndilo jibu lake. Saa saba mchana, watoto wakisinzia, aliifungua kwa nusu saa, na hiyo ndiyo nafasi yetu. Mimi nilikuwa nikipiga saa saba na dakika moja. Alikuwa akishika, anasema "Ako," kisha anakata. Siku nzima niliishi kwa neno hilo. Asubuhi yote nilikagua hati za makontena kwa macho, na masikio yangu yalikuwa Satellite. Simu ya mtu yeyote ikitetemeka mezani, mimi ndiye niliyeigeukia kwanza.

Na hofu haikosi chakula. Mwezi wa pili Imani alianza kulala kupita kiasi. Nilikuwa namchukua jioni, na kabla hatujafika nyumbani amezimika, mikono imelegea kama soksi. Kila mama wa Nairobi amesikia habari za watoto wanaonyweshwa dawa ya mafua ili walale mlezi apumzike. Nilimfungua mdomo nikamnusa. Nikaangaza tochi ya simu kwenye mboni za macho yake. Nikaenda kwa muuza dawa na chupa ya maziwa iliyobaki, nikamwomba aionje, naye akakataa kwa heshima. Siku iliyofuata niliomba ruhusa ofisini nikisema nina jino, nikaenda Satellite saa tano bila kutangaza.

Nilisikia kelele kabla sijafika. Shosho alikuwa amewapanga uani juu ya mkeka, wanaoweza kuketi na wasioweza, kila mmoja na kijiko au kifuniko cha sufuria, na yeye akipiga beseni katikati kwa mwiko. Imani alikuwa amelala kifudifudi, kichwa juu, jasho kwenye paji la uso, akirusha miguu kama mwogeleaji.

"Umetoka kazi?" akauliza bila kuacha kupiga.

"Nilikuwa... jino, Shosho."

"Hilo jino linaitwa dawa ya kulala," akasema. "Kila mama hukuja mara moja. Mama Daktari alikuja na polisi. Sikiza. Nikiwaacha walale hapa siku mzima, wewe utalala saa ngapi? Nawachosha ndio ukapumzike. Sasa kaa ama uende, umewaharibia wimbo."

Niliondoka nimetahayari. Nilikuwa nimefurahi pia, na kwa wiki kama tatu niliamini kwamba sasa nimemalizana na hofu.

Kisha dada wa mapokezi ofisini kwetu, anayeishi upande huohuo wa jiji, akaniuliza asubuhi moja nampeleka mtoto kwa nani. Nikamwambia. Akaacha kutafuna chingamu.

"Si ni yule shosho wa Satellite, wa nyuma ya fundi viatu? Haki, Mama Imani. Hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Huyo alipotezaga mtoi. Alimpatia mtu tu hapo getini. Mtaa mzima unajua. Mimi nilidhani alifunga."

Ilikuwa saa tatu. Ile siku ilikuwa ya kukabidhi hati za shehena nzima kabla ya saa nane, na yule mwanamke mwenye digrii, ambaye mkataba wake ulikuwa umeongezwa, alikuwa ameketi dawati la pili akisubiri nikosee. Nilizikagua hati hizo. Namba zilikuwa zinatembea kwenye karatasi kama siafu. Saa saba na dakika moja nikapiga simu. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena. Saa saba na dakika ishirini niliziacha hati mezani, nikashuka kwa ngazi orofa saba kwa sababu lifti ilinikawiza, nikaingia kwenye teksi ya kwanza.

Sikumbuki njia. Nakumbuka dereva akiniambia nipumue.

Geti la Shosho lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama kawaida. Lina tundu lenye ukubwa wa ngumi. Nikagonga kwa viganja vyote.

"Nani?"

"Mimi, Shosho. Mama Imani. Fungua."

Jicho lake likaja kwenye tundu. "Leso."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilikuwa kwenye droo ya dawati langu, orofa ya saba.

"Nimeisahau kazini. Nipe mtoto wangu, Shosho. Simu yako haishiki."

"Stima zimepotea tangu asubuhi, simu imezima. Mtoto ako sawa. Lete leso."

"Shosho, unanijua."

"Nakujua."

"Basi fungua."

"Hata yule nilimjua," akasema.

Hakusema kwa ukali. Akaondoka tunduni, akarudi amembeba Imani, akamsogeza mpaka nikauona uso wake, shavu moja lina uji, macho yamenijua. Mwanangu akanyoosha mkono. Nikaupitisha wangu tunduni mpaka kwenye kiwiko, nikashika vidole vyake. Nilimwita Shosho majina ambayo sitayaandika, ya Kiswahili na mengine ya Kiarabu niliyoyabeba Ghuba bila kutumia. Fundi viatu akasimama mlangoni kwake na nyundo mkononi, na hakunisaidia. Shosho akasubiri nimalize.

"Umeona ako sawa. Sasa enda ulete leso. Polepole, usigongwe na gari."

Nikarudi mjini juu ya bodaboda, na sketi ya ofisi. Mkubwa wangu, mzee mkimya ambaye hatukuwahi kuzungumza naye ila habari za makontena, alikuwa amesimama kwenye dawati langu, hati mkononi. Nilijua nimefutwa. Nikamzunguka, nikafungua droo, nikatoa leso.

"Unaenda wapi tena?" akauliza.

"Nimenyimwa mtoto."

"Nani amekunyima?"

"Mwenye kumlea. Amesema hata akinijua, bila leso hafungui."

Alitazama leso, ule mkato wake wa kombo. "Hati ulikuwa umezimaliza," akasema. "Zimeshapelekwa. Huyo mama ana nafasi? Nina mjukuu."

Nilifika Satellite saa kumi na moja, wakati wenzangu nao walikuwa wakija. Nikapitisha leso tunduni. Nikasikia akiitandaza, mkato kwa mkato, kisha komeo likavutwa. Alinipa Imani, akavuta kigoda cha pili, akaniambia niketi. Aliongea akikunja nguo za watoto, bila kuniangalia.

Ilikuwa kabla ya leso. Mtoto alikuwa wa kiume, ana miezi kumi, na aliyekuwa akija kumchukua kila jioni alikuwa mdogo wa mama yake, msichana mpole, mwenye kusalimu. Shosho alikuwa akimtolea uji. Siku hiyo dada wawili walikuwa wamegombana nyumbani na Shosho hakujua. Msichana alikuja mapema kidogo, akasalimu, akapewa mtoto. Wakatoweka.

"Akapatikana?" nikauliza.

"Baada ya siku nne. Mbali, kwa kanisa fulani. Amekonda, lakini mzima."

"Na mama yake?"

"Alihama. Hakunitukana, hata. Afadhali wewe umenitukana." Akapiga soksi mbili ndogo pamoja, akaziweka. "Watu waliniambia nifunge. Nilifunga mwezi mmoja. Nikaona wale mama wanawaacha kwa nani, nikafungua. Sasa unajua. Kama unamtoa Madam, mtoe. Sitauliza."

Wikendi ile sikuamua lolote. Mume wangu kwa simu alisema mtoto atolewe mara moja, na alikuwa na haki. Nilizunguka Satellite yote na Imani mgongoni nikitazama zile nyumba zenye michoro ya katuni. Katika moja niliingia getini, nikapita uani, nikasimama mlangoni pa chumba cha watoto, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mlezi alinitabasamia. Angeweza kunipa mtoto yeyote niliyemwonyesha kwa kidole.

Jumatatu nilimpeleka Imani kwa Shosho. Nilimkabidhi, lakini mikono yangu haikumwachia. Yeye aliiona, akaichukua leso ya mtoto msumarini, akainusa.

"Muage," akasema.

Imani alikaa naye mpaka akaanza shule, na sasa yuko gredi ya pili na anasoma kuliko rika lake, jambo ambalo halimshangazi anayenijua. Mimi sasa ndimi mkuu wa idara. Yule mwenye digrii nilimwandikia mwenyewe barua nzuri ya kumpendekeza kwingine. Tumehamia karibu na Loresho. Sisemi ndani ya Loresho, lakini ukisimama kwenye roshani yetu unayaona maua yao. Na nina gari.

Ni kwa gari hilo nilimwendea mwaka huu. Mdogo wake Imani ana miezi miwili na nusu, na likizo yangu inakwisha tena. Shosho alishaacha kulea, magoti yalimkataa, akarudi kwao Waithaka, kwenye kiwanja cha familia chenye migomba na ng'ombe mmoja. Nilimkuta peke yake. Mkaza mwana wake alikuwa ameenda sokoni. Macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe, na alinitambua kwa sauti.

"Mama Diploma," akasema. "Umenenepa. Nasikia unavyokaa kwa kiti."

Nilikuwa nimekuja kumwomba anielekeze kwa mtu. Yule wa kwanza niliyeelekezwa hakuniuliza swali, wa pili alikuwa na kamera kila pembe, na mimi nilikuwa silali. Alinisikiliza.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Shosho. Kuliko ile mara ya kwanza."

"Sina mtu wa kukupatia," akasema. "Wewe tafuta, mimi nitakukatia. Si umekuja nayo?"

Nilikuwa nimekuja nayo, doti nzima. Akanielekeza mkasi uliko, nikamletea. Vidole vyake viliutafuta ule mstari, vikaupata, na mkasi ukaenda kombo, polepole, ukipanda na kushuka. Akanipa nusu moja, nyingine akaiweka begani. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto, nami nikampa.

Ndipo honi ikapigwa nje. Lori la maji lilikuwa limekwama nyuma ya gari langu, njia ni nyembamba. Nikasimama. Nikamtazama yule mzee mwenye macho ya ukungu, na mtoto wangu mapajani mwake, na mikono yangu ikaenda kumchukua yenyewe. Sikuwa nimesema neno. Shosho aliugeuza uso kuelekea kwangu.

"Enda usongeze gari," akasema. "Umuage kwanza."

Nikamuaga. Nikalisogeza gari mpaka kwenye uwazi wa jirani, lori likapita, nikarudi mbio. Geti la bati, lenye tundu kama lile la Satellite, lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alikuwa ameinuka kwa magoti yale mabovu, akajikokota na mtoto, akafunga. Nikagonga. Kimya. Mabomba yale ya Ghuba yakaanza kutiririka masikioni mwangu.

"Shosho?"

"Nani?" Sauti ilikuwa karibu kabisa, nyuma ya bati.

"Mimi. Mama Imani."

"Leso."

Nilisubiri acheke. Nilisubiri nijue kama ni mzaha, au kama katika dakika zile chache ukungu ulikuwa umemfikia ndani pia, akanisahau. Nilisikia mtoto wangu akipumua kwa pua, karibu na tundu.

Nusu yangu ya leso nilikuwa nimeiacha kwenye kiti cha gari. Nikakimbia na viatu vyangu vya ofisi juu ya matope ya Waithaka, nikaichukua, nikarudi, nikaipitisha. Ikavutwa upande wa pili. Nikainama nikatazama kwa tundu. Alikuwa amemweka mtoto begani, na kwa mkono uliobaki alikuwa ameushikanisha mkato na mkato kifuani pake, na kidole gumba kikifuata njia ile, kikipanda, kikishuka, bila haraka, mpaka mwisho wa kitambaa.

Kisha nikasikia komeo.